Newman na Vijana Wetu wa Universite

Tangu tarehe 1 Novemba 2025 Eklezia ina Mwalimu mpya, ndiye Mtakatifu John Henry Newman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1801 na kufa mwaka 1890. Siku hiyo Baba Mtakatifu Leo wa 14 alimtangaza kuwa Mwalimu wa Eklezia, na kumweka awe msimamizi wa malezi ya kikatolika pamoja na Mtakatifu Toma wa Akwino. Kwa sababu hiyo jina lake linatajwa sasa katika mikutano ya walimu na ya mapadri wanaolea wanafunzi. Wengi wanamsifu, na kumsifu mtu bila kumsoma ni kazi nyepesi. Sisi tumechagua hubiri lake moja tu, alilowapa wanafunzi. Tumelisoma pole pole, na tunataka kuuliza kama linafaa kwa vijana wetu waliokwenda Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kinshasa kutafuta masomo ya juu.

Kwanza tujue mahali liliposemwa. Newman alikuwa padri wa Waanglikana, na kwa miaka mingi aliongoza kanisa la universite ya Oxford. Mwaka 1845 akaingia Eklezia Katolika. Maaskofu wa Ireland walipofungua universite ya kikatolika mjini Dublin mwaka 1854, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wake wa kwanza, akakaa kazini hadi mwaka 1858. Alitaka sana wanafunzi wawe na kanisa lao, akalijenga. Lilifunguliwa siku ya Kupaa kwa Bwana, tarehe 1 Mei 1856. Siku tatu baadaye, Dominika iliyoangukia sikukuu ya Mtakatifu Monika kwa kalenda ya zamani, akapanda mimbarini na kusema hubiri hili.

Linaanza na Injili ya mjane wa Naini, sura ya 7 ya Luka. Wote mwaijua: mama anamsindikiza mwanawe wa pekee kaburini, Bwana anawakuta langoni pa mji, anamhurumia mama, anamfufua kijana. Newman anasema kwamba Monika alikuwa mama wa namna hiyo, maana mwanawe Agostino alikuwa na akili nyingi, lakini roho yake ilikuwa kama maiti inayochukuliwa nje. Tena anasema Eklezia mwenyewe ni mama wa namna hiyo. Ana watoto wengi wenye akili, na kila siku anawaona wakipitishwa langoni. Kwa ajili yao, asema, Eklezia alianzisha universite.

Mwanzo huo ni mzuri kweli. Hauleti sheria, wala takwimu, wala lawama. Unaleta mama na mtoto wake, na msikilizaji anajua mara moja kitu gani kiko hatarini.

Halafu hubiri linapanda mlima. Newman anaeleza jinsi dhambi ya asili ilivyotawanya nguvu za mtu: akili yavuta huku, moyo kule, tamaa pengine, na dhamiri imebaki peke yake ikiita bila kusikilizwa. Hapo msomaji wa parokia atachoka kidogo, kwani maneno ni marefu na mifano ni michache. Sisi wenyewe tuliopita seminari tulilazimika kurudia kurasa hizo mara mbili. Lakini asiache kusoma, kwa sababu baada ya mlima huo yanakuja maneno bora kuliko yote ya hubiri.

Anamwelezea kijana. Nyumbani alifundishwa kusali na mama yake na ndugu zake, naye alisali. Sasa ametoka kwenda kati ya watu wenye elimu, na anaona jambo la kumshangaza: wanaosali sana hawajui mengi, na wanaojua mengi hawasali. Ndani yake amesikia nguvu mpya zikiamka, nguvu za kuuliza, kupima, kulinganisha, kujenga hoja. Anatazama kikundi cha wacha Mungu, na hapati humo kazi ya kuzipa nguvu hizo. Basi anakwenda mahali zinapopewa kazi.

Tunaomba mwangalie jinsi Newman anavyosema juu yake. Hamtukani. Hasemi ameharibiwa na pombe, wala na wasichana, wala na marafiki wabaya, ingawa anajua kwamba hatari hizo zipo. Anasema ana njaa ya halali, na ya kwamba sisi hatukumpa chakula. Mara ngapi tumesikia, katika Misa ya kufungua mwaka wa masomo, mahubiri ambayo kutoka mwanzo mpaka mwisho ni orodha ya makatazo? Kijana wa miaka ishirini anayasikia, anainamisha kichwa, na moyoni anajua kwamba mhubiri hakumgusa. Hubiri la Dublin linamheshimu. Ndiyo maana baada ya miaka zaidi ya mia na sitini bado linasomeka.

Tutoe mfano wa kwetu. Mwanafunzi wa uganga anafundishwa siku ya Jumatatu kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, una dawa zake, na mgonjwa asifungwe wala asipigwe. Siku ya Ijumaa usiku anakwenda katika kikundi cha sala, na anasikia kwamba kifafa ni pepo, na jamaa ya mgonjwa watafute ni nani aliyemtuma. Je, anafanya nini? Mara nyingi hafanyi lolote. Anaweka majibu mawili, moja la mtihani na moja la sala, na anaishi nayo yote mawili kama mtu mwenye wake wawili wasiojuana. Siku atakapokuwa mganga katika hospitali ya zone, na mama mmoja wa kijijini akamletea mtoto anayetetemeka, atajibu kwa kichwa kipi? Padri mlezi akimwambia tu, "Mwanangu, sali zaidi," amemwachia tatizo lote. Akimwambia, "Keti, tusome pamoja, tuone Eklezia anafundisha nini juu ya magonjwa na juu ya pepo," hapo kazi aliyoitaka Newman imeanza.

Au tutoe mfano mwingine, wa aibu zaidi. Katika universite nyingi za nchi yetu watu wanajua maana ya kununua pointi. Wanafunzi wanatoa franka, wengine wanadaiwa hata miili yao, ili wapite mtihani. Tumeona vikundi vya kikatolika vinavyofanya novena kabla ya mitihani, kwa mishumaa na nyimbo safi, lakini juu ya pointi zinazouzwa havisemi neno. Korali inaimba vizuri, na mwimbaji wa sauti ya tatu ana bahasha mfukoni. Hatusemi novena ni mbaya. Twasema kwamba hapo sala na masomo ni vyumba viwili ambavyo hakuna mlango kati yao.

Newman alichukia jambo hilo hasa. Hakutaka dini iwe nyumba ya kupanga, anamorudi kijana jioni kwa kulala tu baada ya kushinda na elimu kutwa. Alitaka akili iwe huru kabisa, na dini iwe huru kabisa, na zote mbili zikae mahali pamoja na ndani ya watu wale wale. Mlei msomi awe mtu wa sala, na padri mwenye sala awe msomi. Angalieni kwamba upande wa pili wa neno hilo unawagusa mapadri. Padri mlezi asiyefungua kitabu tangu alipotoka seminari atapendwa na wanafunzi, pengine, lakini hawatamletea maswali yao ya kweli.

Mpaka hapa tunamfuata. Sasa tuseme hubiri lapungukiwa wapi.

Newman ametaja mambo mawili, mahali na watu, kana kwamba yana uzito sawa. Mahali alipaona mbele ya macho yake siku ile: kanisa jipya, kuta zake bado zinanukia chokaa, na nyumba za wanafunzi karibu. Ilikuwa rahisi kwake kusema juu ya dari moja. Lakini sisi Wakongomani tumejifunza kwa uchungu kwamba dari inaweza kuondolewa.

Wazee wanakumbuka Lovanium. Universite hiyo ya kikatolika ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na mji ulioitwa Léopoldville wakati ule. Ilikuwa binti wa universite ya Louvain ya Ubelgiji, ndiyo maana ilipewa jina hilo la kilatini. Mgr Luc Gillon aliiongoza tangu mwanzo. Mwaka 1967 akafuata Mgr Tharcisse Tshibangu, Mkongomani wa kwanza katika kiti hicho. Kanisa lilikuwapo, walimu mapadri walikuwapo, nyumba za wanafunzi zilikuwapo, maktaba na teolojia pia. Kama kuna mahali katika Afrika yetu ambapo ndoto ya Dublin ilipata mawe na saruji, ni pale.

Tena tukumbuke, kwa ukweli, kwamba hata chini ya dari ile mambo hayakuwa matulivu. Wanafunzi walikuwa na malalamiko yao juu ya uongozi na juu ya Serikali. Tarehe 4 Juni 1969 walitoka barabarani Kinshasa, na askari wakawapiga risasi, wengi walikufa. Mwaka 1971, walipotaka kuwakumbuka wafu wao, waliingizwa jeshini kwa nguvu. Mwaka huo huo Serikali ya Mobutu iliziunganisha Lovanium, universite ya Lubumbashi na ile ya Waprotestanti ya Kisangani kuwa universite moja ya taifa, UNAZA. Mwaka uliofuata vyama vya vijana vya kidini vilikatazwa, ili vijana wote wawe wa chama kimoja cha Serikali. Baadaye kidogo hata teolojia ilitolewa nje ya universite.

Basi dari ilikwenda. Tunauliza: nini kilibaki? Kanisa la Bikira Maria wa Hekima lilibaki pale kilimani, na hata leo ni parokia ya wanafunzi wa Universite ya Kinshasa. Walibaki pia watu. Mwalimu mkristu aliyeendelea kufundisha hesabu kwa uaminifu alikuwa bado ni mwalimu mkristu, ingawa kibao cha mlangoni kilibadilishwa. Hubiri la Newman halikumtayarisha msikilizaji kwa siku ya namna hiyo. Lingekuwa na nguvu zaidi kama lingeweka uzito wote juu ya watu, na mahali pakafuata.

Wako waliolielewa hivyo kabla yetu. Mwaka 1893, huko Philadelphia katika Marekani, wanafunzi wakatoliki wa universite isiyo ya kikatolika walijikusanya na kuunda chama, wakakipa jina la Newman. Chama hicho kilizaa vingine vingi katika nchi hiyo. Hawakuwa na dari. Walikuwa na wenzao tu.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tunaye mwana wetu wa Goma, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria katika Universite ya Goma, ambayo si ya Eklezia. Katika miaka hiyo ya masomo aliingia Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa na wanafunzi wa shule mjini Roma mwaka 1968. Pamoja na wenzake alikuwa akiwahudumia watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, akiwasaidia kupata chakula na kusoma. Alipomaliza masomo alipewa kazi katika ofisi ya Serikali inayopima bidhaa mpakani. Wakaja watu na chakula kilichooza, wakitaka kipite, wakampa fedha. Akakataa. Mwezi wa Julai mwaka 2007 wakamkamata na kumwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezia ilimtangaza Mwenyeheri, katika kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo, Roma.

Watu wanapohubiri juu yake husema alikuwa mwaminifu, na ni kweli. Sisi tunapenda kuongeza jambo moja ambalo hubiri la Newman limetusaidia kuliona. Kukataa kwake kulihitaji elimu pia. Ilimpasa ajue kupima, ajue sheria inasema nini, ajue nani atakula chakula kile. Imani isiyo na elimu ingeweza kubariki magunia na kuyaacha yapite, na elimu isiyo na imani ingeweza kuhesabu fedha. Ndani ya kijana yule mambo hayo mawili hayakuwa na ukuta kati yao. Hakulelewa chini ya dari moja kama ya Dublin. Alilelewa na parokia, na jumuiya ya rafiki, na watoto wa barabarani, na vitabu vya sheria vya universite ya Serikali. Je, si mfano ulio mpana kuliko ule wa hubiri?

Kuna upungufu mwingine, na kwetu ndio mkubwa zaidi. Ni Monika.

Hubiri lilisemwa siku yake, lakini sehemu anayopewa ni machozi na sala. Analia langoni, na Bwana anafanya kazi kwa ajili ya mwanawe. Wanafunzi wa Dublin walikuwa wanaume tu, kama ilivyokuwa desturi ya nyakati zile, na pengine hakuna aliyeshangaa. Leo mabinti zetu wanakaa kwenye viti vile vile vya masomo. Wakilisikia hubiri hili watauliza: Mwanamke mahali pake ni kulia tu?

Jibu liko kwa Agostino mwenyewe, na tunashangaa kwamba Newman, aliyewajua sana Mababa wa Eklezia, hakulitumia siku ile. Mwaka 386, kabla ya kubatizwa, Agostino aliacha kazi yake mjini Milano, akaenda kukaa katika shamba la rafiki, mahali panapoitwa Cassiciacum. Alikuwa pamoja na mwanawe Adeodato, ndugu yake Navigio, jamaa wengine, na wanafunzi wake wawili. Kila siku walikaa na kujadiliana juu ya ukweli, juu ya heri, juu ya utaratibu wa Mungu katika ulimwengu, na maneno yao yaliandikwa. Monika alikuwapo. Ni kweli kwamba aliwalisha, na kuna mahali ambapo yeye anawasukuma wakale, kwa kuwa mazungumzo yamepita kiasi. (Mama yeyote wa Kongo atamfahamu.) Lakini pia aliketi pamoja nao. Walipouliza kama kila mtu anayepata anachotaka ana heri, yeye akajibu kwamba akitaka mema na kuyapata ana heri, lakini akitaka mabaya hana heri hata akiyapata. Agostino alistaajabu, akamwambia amefika katikati kabisa pa falsafa. Siku nyingine aliingia akiuliza mazungumzo yamefika wapi, na mwanawe akaagiza swali lake liandikwe. Yeye akapinga: tangu lini wanawake wanatiwa katika vitabu vya namna hiyo? Agostino hakukubali. Maneno yake yaliandikwa, nasi tunayo hata leo.

Monika hakusoma shule ya mwanawe. Lakini hakubaki nje ya lango. Kama hubiri la Dublin lingempeleka Cassiciacum, lingeonyesha jambo ambalo Newman alilitafuta sana: akili na ibada chini ya dari moja, na dari hiyo ni nyumba ya kukopeshwa, meza, na mama anayeuliza.

Kwetu mambo huenda namna gani? Kijana akipata diploma ya Serikali, parokia inashukuru, shirika la mtaa linakusanya franka za safari, padri anambariki. Kisha anapanda basi au mashua, naye anatoweka. Mara chache parokia inaandika barua kwa padri mlezi wa huko aendako, kusema: tunamtuma huyu, ni mtu wa namna hii, mtafuteni. Wahubiri wa makanisa ya uamsho hawangoji barua. Wanabisha mlango wa chumba chake juma la kwanza, wanamwuliza jina, wanarudi kesho. Tunaweza kulaumu mafundisho yao, lakini miguu yao hatuwezi kuilaumu.

Na parokia zinazozunguka universite zinawaona wanafunzi wakipita na silabusi zao kwapani, wakiwa na njaa, wamepanga watu wanne katika chumba kimoja. Wamama wa parokia hizo wanasema, "Hao ni wasomi, sisi tutawaambia nini?" Wangewaalika kula siku ya Dominika, wakakaa nao baada ya chakula. Mwanafunzi wa sheria aeleze kwa nini mjane anafukuzwa katika nyumba ya mume wake, na sheria inasema nini. Yule mwanafunzi wa uganga aulizwe juu ya kifafa na mama aliyemlea mtoto mwenye kifafa miaka kumi. Atajibu vizuri kuliko siku ya mtihani, au hataweza kujibu, na atarudi kwenye vitabu vyake na swali ambalo profesa hakumpa. Padri mlezi akiwapo asikilize, na ikiwezekana mmoja wao aandike.